Rangi Ije Mwisho: Kupanga Nguo ya Sanaa ya Kutundika Ukutani

Ukipita Mtaa wa Biashara hapa Mombasa, leso zimetundikwa milangoni toka juu hadi chini, na kila moja inataka kuonekana kabla ya jirani yake. Kwa anayenunua nguo ya kuvaa, hiyo ni raha. Kwa anayetaka kushona nguo ya sanaa, hapo ndipo kazi inapoharibikia hata kabla sindano haijatiwa uzi. Mtu huipenda nyekundu ile, akaongeza kijani, akachukua na zambarau kwa kuwa bei imepunguzwa, kisha akafika nyumbani na mfuko wa rangi zisizosikilizana.

Napendekeza uende kinyume: anza na ukuta, kisha giza na mwanga, kisha mpangilio, kisha mguso wa vitambaa, na rangi uiache mwisho. Mfano tutakaoufuata ni mmoja tu: kipande cha kusimama, sentimita 60 kwa 90, kinachoonyesha hori la Tudor, mkono wa bahari unaoingia bara hapa Mombasa, maji yakiwa yamekupwa. Wewe unaweza kuchagua mlango wa Mji wa Kale au gati la Likoni jioni. Hatua ni zilezile.

1. Utazame ukuta kabla ya kutazama kitambaa

Jiulize mwanga unaingia upande gani. Ukija ubavuni, kutoka dirisha la kando, kila mshono ulioinuka utatupa kivuli chake na kazi yenye mikwaruzo itapendeza. Ukija usoni moja kwa moja, vivuli hivyo hupotea, na itabidi utegemee tofauti za giza na mwanga zaidi kuliko mguso.

Halafu umbali. Katika ukumbi mwembamba wa nyumba za Mji wa Kale mtu hupita karibu na ukuta, basi darizi ndogondogo itaonekana. Sebuleni, ambako makochi yako mita tatu au nne mbali, darizi hiyo itakuwa vumbi tu.

Na jua lenyewe. Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Jua letu ni kali mwaka mzima, na kuta nyeupe hulirudisha ndani ya nyumba hata pale usipolitarajia. Ukuta unaopigwa na jua kila siku mtafutie picha ya kioo au saa. Nguo uipeleke kwingine.

2. Chagua kitu kimoja, ukichore kidogo sana

Nenda ukakitazame kwa macho. Kwa mfano wetu, fika Tudor maji yakiwa yametoka, hasa siku za bamvua, ambapo tofauti ya kujaa na kupwa huzidi mita 3 na tope hubaki wazi mpaka mbali. Usichukue picha hamsini za simu. Chora visanduku sita vya ukubwa wa kiberiti, kwa penseli, kila kimoja na mpango wake. Katika udogo huo huwezi kuchora majani wala makucha ya kaa. Unaweza kuchora mafungu makubwa tu, na mafungu makubwa ndiyo tunayoyataka.

Chagua kisanduku kimoja. Changu kina mambo manne: ukanda wa mikoko juu, mstari mwembamba wa maji, tope pana chini, na yangeyange mmoja amesimama topeni.

3. Giza, kati, mwanga

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, nami ningeiwekea nusu ya muda wote wa kupanga. Kabla hujajua kitu ni chekundu au cha kijani, amua kama ni cha giza, cha kati, au cha mwanga. Tatu tu. Chukua penseli upake kisanduku chako: mikoko giza, tope kati, maji na ndege mwanga.

Sasa pima mafungu. Yakilingana, theluthi kwa theluthi, jicho halijui litue wapi. Fungu moja litawale. Katika mfano wetu tope la kati linachukua zaidi ya nusu, mikoko ya giza inafuata, na mwanga ni kidogo mno: mstari wa maji na ndege. Kwa kuwa mwanga ni haba, macho yote yataukimbilia.

Ukitaka kuona kwa nini jambo hili lina nguvu, chukua kisutu, ile leso ya harusi ya nyekundu, nyeusi na nyeupe. Ipige picha kwa simu, kisha uiondoe rangi picha ibaki ya kijivu. Nakshi zitabaki wazi vilevile, kwa sababu nyeusi na nyeupe ziko ncha mbili na nyekundu imekaa kati yao. Kisha fanya hivyo kwa leso ya nyekundu na kijani ambazo giza lake linalingana. Mara nyingi maua na uwanja wake huyeyuka kuwa kijivu kimoja. Macho yalikuwa yanasisimkwa na ugomvi wa rangi, lakini mchoro wenyewe haukuwa na mifupa.

Kwa hiyo simu yako ndiyo chombo cha kwanza cha kazi. Kila ukitandaza vipande, piga picha, ondoa rangi, tazama. Usipoona ndege kwenye picha ya kijivu, hata rangi ya dhahabu haitamwokoa.

4. Mpangilio: pindo, mji, na pale jicho linapotua

Sisi watu wa pwani tumeshafundishwa mpangilio bila kwenda chuo. Leso ina pindo linalozunguka pande nne, ina mji katikati, na ina jina. Pindo limeshika, mji umetulia au una kitu kikubwa cha kati, na jina linaita msomaji. Lakini leso imekusudiwa mwili. Ikifungwa kiunoni au kutupwa begani, pindo linakatika, linapinda, linajificha, na jina linabaki pale linapotakiwa. Ukiibandika ukutani ilivyo, pindo lile linakuwa ua lililofungwa: jicho linaingia, linazunguka mara moja, limemaliza.

Basi ukitaka kutumia pindo, livunje. Liweke upande mmoja, au pande mbili zinazokutana, na uache upande wa tatu wazi ili picha ipumue. Katika mfano wetu, pindo la kijani cheusi linaweza kukatwa vipande na kuwa ukanda wa mikoko juu, likaishia kabla ya kufika ukingo wa kulia. Mwanya ule wa kulia ndio unaoonyesha kwamba hori linaendelea.

Jina nalo uliwekee akili. Maandishi yoyote huvuta jicho kuliko umbo, hata kwa asiyesoma Kiswahili. Likiwekwa, ndilo litakuwa kitovu cha picha na ndege atakuwa mpambe wake. Na lisome vizuri kabla ya kulishona. Majina mengine ni vijembe, na mama mkwe akija kutembea atasoma ukutani mambo ambayo hukumwambia.

Mstari wa maji usiukate katikati ya kimo. Uweke juu, kama sentimita 25 kutoka ukingo wa juu, tope lipate nafasi. Yangeyange asikae katikati wala pembeni kabisa. Msogeze kushoto kidogo, topeni chini ya mstari wa maji, akitazama kulia, upande wa ule mwanya. Mbele ya mdomo wake acha tope tupu. Utupu huo utakuwashia hamu ya kuujaza na kaa, ngalawa, nyayo. Jizuie.

Ukishakubali mchoro, uhamishe kwenye karatasi ya kaki kwa ukubwa kamili, ukate maumbo na uyabandike kwa pini juu ya blanketi la kijivu lililotundikwa ukutani. Vitambaa vya pamba hushika kwenye blanketi la manyoya hata bila pini nyingi. Rudi nyuma hatua kumi. Kisha geuza picha ya simu juu chini: mafungu yasiyo na uwiano hujitokeza mara moja, kwa kuwa hutazami tena ndege na miti, unatazama maumbo. Iache usiku mmoja.

5. Mguso: mkono uone kabla ya jicho

Kofia za mkono za pwani, zile nyeupe zenye darizi, zinaonyesha jambo moja kubwa: nakshi nzima imechorwa kwa uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe. Hakuna rangi ya pili. Kuna vitundu vilivyozungushiwa uzi, kuna mishono iliyoinuka, na kivuli kinafanya kazi ya wino. Kwa hiyo kabla ya kuongeza rangi ili sehemu ionekane, jaribu kuongeza mwinuko.

Vitambaa havipokei mwanga kwa namna moja. Satini huurudisha, na hubadilika unapotembea mbele yake. Mahameli huumeza, rangi ileile juu ya mahameli huonekana nzito kuliko juu ya pamba. Gunia lina vitundu vinavyoweka giza ndani yake, kwa hiyo hata gunia lisilotiwa rangi lina kina ambacho leso, iliyo bapa, haina. Kikoi kimefumwa, rangi iko ndani ya uzi wenyewe, na matamvua yake ni mali ya bure kwa msanii. Ongeza ukili wa miyaa, kamba ya usumba, mkonge; vyote hivi viko sokoni kwa bei ya kawaida. Kwa vitambaa vya rangi zilizopoa, pita kwenye mitumba ya Kongowea, na umwombe fundi wa karibu mabaki yake.

Ukishavikusanya, vipunguze. Kitambaa kimoja kikali kitawale, kimoja laini kipumzishe macho, na kingine cha tatu kitokee kidogo. Ukali unaonekana kwa sababu ya ulaini ulio kando yake. Kila mahali pakiwa na mafundo, hakuna fundo litakaloonekana.

Kwa Tudor ningepanga hivi. Tope ni gunia lililofuliwa, na katika sehemu chache nyuzi za ulalo zimechomolewa ili kitambaa cha chini kichungulie. Hapo ndipo maji yaliyobaki kwenye vishimo. Mizizi ya mikoko ni kamba ya usumba. Usijaribu kuipitisha kwenye kitambaa; ilaze juu, kisha uishike kwa mishono midogo ya kukatiza kwa uzi mwembamba wa rangi ya kamba. Ikiinuka nusu sentimita tu, mwanga wa ubavuni utaipa kivuli. Maji ni ukanda mmoja wa satini usio na mshono hata mmoja juu yake. Ndege ni pamba nyeupe iliyokaza, laini, bila darizi, kingo zake zimekunjwa kwa ndani. Kila kinachomzunguka ni kikali. Ulaini wake unatosha kumtambulisha.

Mambo mawili ya kiufundi hapa. Kwanza, fua kila kitu kabla ya kukata. Leso mpya ina dondo, ule wanga wa kukazia nguo, na pamba hujikunja ikifuliwa. Ukichanganya kitambaa kilichofuliwa na kisichofuliwa, unyevunyevu wa kwanza utakuletea makunyanzi. Pili, uzito. Gunia na kamba huvuta nguo chini, basi vitu vizito vikae chini ya picha kadiri inavyowezekana, na yote yashonwe juu ya msingi imara: marekani nzito au kanvasi. Mizizi yetu iko juu kidogo, kwa hiyo nyuma yake ongeza kiraka cha kanvasi.

6. Sasa rangi

Umeshajua ni nini cha giza na ni nini cha mwanga, kipi kikali na kipi laini. Rangi imebaki na kazi ndogo zaidi kuliko ulivyodhani, na ndiyo maana utaifanya vizuri.

Anza na rangi ya mahali, kisha uchague rangi moja itawale. Hapa ni kijivu chenye ukahawia cha tope. Ya pili ni kijani kilichokaribia weusi. Ya tatu ni samawati iliyofifia ya maji. Nyeupe ni ya ndege peke yake. Halafu tia cheche moja: majani ya mkoko hugeuka manjano kabla ya kuanguka, kwa hiyo vijiraka vitatu vya manjano, viwili karibu karibu na kimoja mbali, vitalichangamsha tope lote. Vikifika kumi vinakuwa mapambo ya sherehe.

Kupima kiasi, chukua kipande cha kadibodi na uzungushie nyuzi au vipande vyembamba vya vitambaa kwa uwiano utakaoutumia: kijivu upana mkubwa, kijani chini yake, samawati ukanda mdogo, nyeupe mizunguko miwili, manjano mmoja. Kikadibodi hicho kitakuonyesha tatizo mapema na bila hasara. Tembea nacho dukani.

Usinunue kijani kimoja. Mikoko ya kijani kimoja itakuwa kama ukuta uliopakwa rangi kwa brashi. Kata vipande vidogo vya leso tano zenye kijani tofauti. Vikiwa vidogo, maua yake hayatambulikani tena, yanabaki kuwa mchanganyiko. Na usisahau mgongo wa leso. Leso nyingi huchapwa upande mmoja, na upande wa nyuma ni rangi ileile iliyopoa. Hapo umepata kivuli na mwanga kutoka kitambaa kimoja. Kumbuka pia kwamba nakshi ndogo sana huchanganyika machoni kwa mbali: mistari myembamba ya nyekundu na nyeupe, kutoka upande wa pili wa sebule, huwa waridi.

Jirani wa rangi ana nguvu kuliko rangi yenyewe. Michel Eugène Chevreul, mkemia wa Kifaransa, alisimamia upakaji rangi katika kiwanda cha Gobelins mjini Paris, kinachofuma picha kubwa za ukutani. Alipokea malalamiko kwamba nyuzi nyeusi za kiwanda zilikuwa hafifu. Akazichunguza, akakuta hazina kasoro. Zilionekana hafifu kwa sababu ya buluu na zambarau zilizofumwa kando yake. Matokeo ya uchunguzi wake aliyachapisha mwaka 1839, na bado yanatufaa: kijivu kikikaa kando ya nyekundu huelekea ukijani, na rangi ya maziwa kando ya damu ya mzee hung'aa kuliko ilivyo. Basi usihukumu kitambaa kikiwa peke yake mkononi. Kiweke juu ya jirani yake halisi kwenye blanketi, kisha uamue.

Mwanga wa dukani nao hudanganya. Nyuzi mbili zinazofanana chini ya taa zaweza kuachana kabisa juani. Mwambie tu mwenye duka, "Ami, niruhusu niitoe nje niione juani," naye atakuelewa.

Kijivu cha tope unaweza kukipika mwenyewe. Weka misumari yenye kutu ndani ya siki kwa siku chache, chombo kikiwa wazi kidogo ili hewa itoke. Chemsha majani ya chai, vijiko vinne vya mezani kwa lita moja ya maji, uchuje, utie kitambaa cha pamba kilicholoweshwa, kikae nusu saa. Kitatoka kahawia. Kirudishe ukiongeza kijiko kimoja cha ile siki ya misumari, na ukahawia utageuka kijivu mbele ya macho yako, kwa sababu chuma hukamatana na tanini ya chai. Ongeza kidogo kidogo, suuza sana, na usitumie sufuria ya chakula. Chuma kingi hudhoofisha pamba kadiri miaka inavyopita, kwa hiyo weusi mzito nunua, usiupike. Bizari ya manjano nayo inatoa rangi tamu siku ya kwanza, lakini jua huila upesi. Vile vijiraka vitatu vitumie uzi wa dukani.

7. Majaribio mawili kabla ya kushona

Kwanza, kuchuja. Lowesha kipande, kifunike kwa kitambaa cheupe, pitisha pasi ya moto. Weupe ukishika rangi, kifue tena mpaka maji yatoke safi, au kiweke mbali na ndege. Chumvi na siki husifiwa sana kwa kufunga rangi, lakini rangi ya kiwandani isiyoshika vizuri haitashikishwa na vitu vya jikoni.

Pili, jua. Kata ukanda mwembamba wa kila kitambaa, nusu ukifunike kwa kadibodi, ubandike dirishani wiki mbili. Fungua ulinganishe. Jua la Mombasa halitakuficha kitu.

8. Kushona na kutundika

Shona kutoka nyuma kuja mbele: msingi, gunia, satini, mikoko, mizizi, na ndege mwisho. Yale manjano matatu yashike kwa pini kwanza, uyahamehamishe hadi utakaporidhika. Kila hatua piga ile picha ya kijivu.

Nyuma, juu, shona mfuko wa kitambaa wa kupitisha ubao mwembamba. Ubao huo, na si nguo, ndio ubebe uzito. Kwenye pembe za chini, kwa nyuma, shonea vijibao vidogo vya sentimita moja au mbili ili nguo isigusane na ukuta. Wakati wa masika, na hasa mwezi wa 5, kuta zetu hufyonza maji, na nguo iliyobanwa ukutani huota ukungu upande usiouona. Misumari ya chuma isiguse kitambaa, kwa kuwa hewa ya chumvi itaitia kutu na kutu haitoki. Tumia ndoano za shaba au vigingi vya mbao.

Ukihitaji kuihifadhi, izungushe juu ya bomba la kadibodi lililofunikwa pamba nyeupe, uso ukiwa nje ili kamba zisibanwe. Usiikunje: mkunjo juu ya gunia hukata nyuzi. Na nyuma yake, kwenye kiraka kidogo cha marekani, andika mwaka na vitambaa ulivyotumia, pamoja na vipi vilifuliwa na vipi vilitiwa chai, ili siku mzizi ukilegea, atakayeurekebisha ajue anashika nini.